Baiskeli nafuu ya kwendea kazini mjini Tanga: tazama ringi kabla ya rangi

Mdogo wangu wa kike amepata kazi katikati ya mji wa Tanga, anaishi Mikanjuni, na amechoka kugawana mshahara wake na madereva wa bajaji asubuhi na jioni. Aliniomba nimsaidie kuchagua baiskeli isiyozidi shilingi laki tatu, akaweka masharti mawili tu: aweze kuipanda akiwa amevaa baibui, na isimfikishe ofisini akiwa na mafuta ya cheni kwenye nguo. Tulizunguka madukani na kwenye viwanja vya mitumba, na kila tuliposimama mbele ya baiskeli nilimrudia hoja ile ile, kwamba kwa fedha ya kiasi hicho, kinachotenganisha baiskeli ya kudumu na baiskeli ya kusumbua si idadi ya gia wala mng'ao wa rangi, bali ni ringi, tairi linaloingia kwenye ringi hiyo, na kama fundi wa mtaani kwako ana tairi la kipimo hicho.

Mji wenyewe unarahisisha uchaguzi. Sehemu kubwa ya Tanga ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka na kupewa namba badala ya majina, na mtu anayetoka Makorora, Chumbageni au Nguvumali kwenda mjini hakutani na mlima wa kumshusha kwenye baiskeli. Kinachompa mwendeshaji kazi ni upepo, hasa kusi linapovuma katikati ya mwaka, pamoja na mashimo yaliyojaa maji wakati wa masika, ambayo huwezi kujua kina chake mpaka tairi limeshazama. Zaidi ya hayo kuna hewa ya bahari yenye chumvi, adui mkimya wa kila chuma kilicho wazi, na baiskeli inayolazwa nje Raskazone huzeeka mapema kuliko ile inayolazwa nje Korogwe, hata kama zote mbili zilinunuliwa siku moja.

Kwa mji wa namna hii, gia 21 ni mzigo wa bure. Chukua baiskeli ya kawaida yenye meno 32 mbele na 14 nyuma, na magurudumu ya inchi 26 yenye matairi membamba: kila mzunguko mmoja wa pedeli huisogeza takriban mita 4.8, kwa hiyo mtu anayezungusha pedeli mara 60 kwa dakika bila kujichosha anakwenda karibu kilomita 17 kwa saa. Safari ya kilomita 5 inamchukua chini ya dakika 20, nayo haimtoi jasho la kumfanya atafute pa kuoga akifika. Gia moja inatosha. Gia tatu ni anasa nzuri siku za upepo, na zaidi ya hapo mnunuzi analipia vyuma ambavyo vitapata kutu kabla hajavitumia.

Kwa laki tatu au pungufu, aina tatu za baiskeli ndizo zinazopatikana kwa urahisi. Ya kwanza ni ile baiskeli nyeusi ya kazi ambayo wengi wetu tuliikuta nyumbani kwa babu, iwe ni Phoenix ya Shanghai au Hero ya Ludhiana, India. Umbo lake ni la Kiingereza na limetokana na baiskeli za viwanda kama Raleigh ya Nottingham, iliyoanza miaka ya 1880, na kwa kweli halijabadilika sana tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini: magurudumu ya inchi 28, fremu ndefu, breki za vyuma badala ya waya, na keria ya nyuma inayoweza kubeba gunia la mkaa. Ni nzito, mara nyingi kilo 20 au zaidi, lakini kila fundi wa Tanga anaijua kwa kuigusa tu, na vipuri vyake vinapatikana hata vijijini. Kwa muuza samaki anayekwenda Pongwe na tenga nyuma, sioni kitu cha kuishinda. Kwa mfanyakazi wa ofisini ina kasoro mbili. Uzito wake unaonekana kila anapoipandisha ngazini, na breki zake, kwa kuwa zinabana ringi ya chuma iliyopakwa kromu, hupoteza nguvu nyingi ringi inapolowa.

Ya pili ni baiskeli mpya ya gia yenye umbo la kupandia milima, iliyopambwa kwa rangi za kung'aa, springi kwenye foku ya mbele (uma unaoshika gurudumu), na pengine breki za diski. Hii ndiyo inayowavutia vijana zaidi, na ndiyo ninayoipinga kwa nguvu zote kwa bajeti hii. Ukigawanya bei ya laki mbili na nusu kwa foku ya springi, diski mbili, vishika gia viwili, vibadilisha gia viwili na spoketi tisa au kumi, kila kimoja kinabaki kimetengenezwa kwa fedha kidogo mno. Springi ya bei hiyo haina kitu cha kutuliza mrudio wake, hivyo inadundadunda na kula sehemu ya nguvu unayotia kwenye pedeli. Kibadilisha gia cha nyuma kinaning'inia karibu na ardhi, na baiskeli ikianguka mara moja upande wa kulia kinapinda, cheni inaanza kuruka, na fundi anaishia kukuwekea kwenye gia moja ambayo hutaitoa tena. Anayetaka baiskeli ya aina hiyo iliyo nzuri aweke akiba mara tatu ya fedha hiyo, au anunue iliyotumika ya kiwanda chenye sifa.

Ya tatu ni mtumba wa Kijapani, ile baiskeli yenye fremu ya chini, kikapu mbele, madigadi kamili, kava la cheni, stendi ya miguu miwili na kufuli la duara kwenye gurudumu la nyuma. Kule Japani ni chombo cha mama wa nyumbani cha kwendea sokoni na kituo cha treni, na kwa sababu hiyo imeundwa kwa ajili ya mambo yale yale aliyoyataka mdogo wangu: kupanda bila kurusha mguu juu, kukaa wima, kubeba mkoba mbele, na kutochafua nguo. Nyingi zina ringi za aluminiamu, ambazo hazipati kutu kama za chuma na hushikwa vizuri zaidi na breki wakati wa mvua. Baadhi zina gia tatu zilizofichwa ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, mara nyingi za Shimano, mahali ambapo mchanga na maji havifiki kirahisi. Gia ya kwanza hulegeza mzigo kwa zaidi kidogo ya robo, na ya tatu huongeza mwendo kwa zaidi ya theluthi. Vijana wanaoziita baiskeli za kina mama kwa dharau wanakosa kitu kizuri kwa sababu ya jina.

Wauzaji hupenda kuonyesha stika ndogo yenye maandishi ya Kijapani kwenye fremu kama ushahidi wa ubora. Ile ni stika ya usajili wa polisi wa kuzuia wizi, usajili uliofanywa wa lazima kwa sheria ya Japani mwaka 1994. Inathibitisha kwamba baiskeli ilikuwa na mwenyewe huko ilikotoka, basi. Haisemi ina umri gani, wala kama ililala miaka mingapi kwenye mvua kabla ya kupakiwa kwenye kontena.

Sasa niseme kuhusu tairi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha bila kuelewa sababu. Pembeni mwa kila tairi kuna namba mbili zilizounganishwa kwa kistari, kwa mfano 37-590. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, na ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa. Tairi la kawaida la mtumba wa Kijapani, linaloandikwa 26 x 1⅜, ni 37-590. Tairi la baiskeli ya kupandia milima linaloandikwa 26 x 1.95 ni 50-559. Yote mawili huitwa "inchi 26" dukani, lakini kati ya ringi zake kuna tofauti ya milimita 31, na hakuna nguvu ya fundi wala bisibisi itakayolifanya moja likae kwenye ringi ya jingine. Hali ni hiyo hiyo kwa "inchi 28": Phoenix hutumia 635, ilhali baiskeli nyingi za Ulaya hutumia 622. Kwa hiyo kabla hujatoa fedha, soma namba ya pili, iandike kwenye simu, kisha pita kwa muuza vipuri wa karibu na nyumbani kwako umuulize kama ana tairi na tyubu za namba hiyo, na anaziuza kiasi gani. Ikiwa jibu ni kwamba zitaagizwa Dar es Salaam, ongeza usumbufu huo kwenye bei ya baiskeli. Mjini Tanga 635 na 559 hazina shida. Namba 590 inapatikana kwa wauzaji wanaohudumia mitumba, lakini si kwa kila kibanda, na mimi hushauri ununue tairi moja la akiba pamoja na baiskeli yenyewe.

Jambo dogo linalofuatana na hilo ni valvu. Baiskeli za kupandia milima huwa na valvu kama ya gari, hivyo unaweza kujaza upepo kwenye kituo cha mafuta. Phoenix na mitumba ya Kijapani hutumia valvu yenye kipande cha mpira mwembamba ndani yake, nacho huoza kwa joto letu. Tairi linaloshuka polepole bila pancha mara nyingi linadai mpira huo tu, kitu cha bei ndogo kabisa.

Tukija kwenye ringi yenyewe, ukaguzi wake hauhitaji utaalamu. Inua baiskeli, zungusha gurudumu taratibu, na utazame nafasi kati ya ringi na kipande cha breki. Ikiyumba milimita moja au mbili, fundi anaweza kuinyoosha kwa kukaza na kulegeza spoku. Ikiyumba sana, au ikiwa inaruka juu na chini mahali pamoja, ringi hiyo imegonga shimo na kubonyea, na hainyooki tena kwa spoku pekee. Kisha bana spoku mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu zima: zote za upande mmoja ziwe na ukaidi unaokaribiana. Inayolegea sana inamaanisha jirani zake zinabeba kazi yake, na hizo ndizo zitakazokatika. Halafu shika ringi juu na uisukume kushoto na kulia. Ukisikia mgongano mdogo kwenye ekseli, koni (nati zinazobana gololi za habu) zimelegea au gololi zimekwisha. Kulegea kunarekebishika kwa spana mbili katika dakika chache, lakini ukizungusha ekseli kwa vidole ukahisi mikwaruzo, basi njia ya gololi imeshachimbika, na mwisho wake ni habu mpya na kusuka gurudumu upya, kazi inayoweza kula sehemu kubwa ya kile ulichodhani umekiokoa kwa kununua mtumba.

Kuna sehemu moja ya fremu ambayo muuzaji hatakuonyesha. Pitisha kidole chini ya bomba linaloshuka, nyuma kidogo ya shingo ya usukani. Ukigusa mkunjo, au ukaona rangi imepasuka mistari midogo, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele na fremu ilijikunja. Iache hapo hapo, hata kama bei imeshuka nusu. Kisha jaribu kiti: mwombe muuzaji alegeze nati na akipandishe mbele yako. Kwenye miji ya pwani bomba la kiti hushikana na fremu kwa kutu, na baiskeli ambayo kiti chake hakipandi ni baiskeli ya mtu mwingine mwenye kimo kingine. Kiwanja kimoja tulichotembelea kilikuwa na baiskeli safi ya bluu ambayo mdogo wangu alishaipenda, lakini kiti hakikusogea hata kwa nyundo, na muuzaji akasema, "Dada, utakizoea tu." Tuliondoka.

Kwa cheni, beba rula yenye inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja na uhesabu pini 24 mbele. Kwenye cheni mpya, pini ya 24 inaangukia sawasawa kwenye inchi 12. Ikizidi kwa moja ya nane ya inchi, cheni imekwisha, na meno ya nyuma yamekwishachongoka pamoja nayo, hivyo vyote vibadilishwe kwa pamoja. Si gharama ya kutisha kwenye baiskeli ya gia moja, lakini ni hoja halali ya kupunguziwa bei. Breki zijaribiwe baiskeli ikiwa inatembea: za mtumba wa Kijapani za nyuma mara nyingi zimo ndani ya habu na hupiga kelele kama mbuzi, kelele ambayo inaudhi ila si lazima iwe dalili ya ubovu. Cha kuangalia ni kama zinasimamisha. Waya za breki za mitumba yote mimi huhesabu kuwa zimekwisha, kwa kuwa kutu huanzia ndani ya mfuko wa waya ambako jicho halifiki.

Kuhusu kimo, kipimo kinachotosha ni kuketi kitini ukiwa umeegemea ukuta, ukaweka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama upande mmoja. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu, kama inavyopasa, goti litabaki na mkunjo mdogo unaolifaa. Waendeshaji wengi wa hapa huweka kiti chini ili wafikishe miguu yote ardhini, na kisha hulalamika kwamba baiskeli inaumiza magoti. Bomba la kiti lina alama ya kikomo. Ikiwa alama hiyo inatokeza nje ya fremu ili kiti kikufae, fremu ni fupi mno kwako.

Fedha tuliigawa hivi: baiskeli yenyewe isizidi laki mbili na elfu thelathini, na iliyobaki iwe ya matengenezo. Muuzaji mzuri atakubali uje na fundi wako, na anayekataa amekwisha kukuonya. Hata baiskeli mpya ya dukani inahitaji fungu hilo, kwa sababu hufika ndani ya boksi ikiwa imefungwa nusu, na mara nyingi huunganishwa haraka haraka na kijana anayelipwa kwa idadi, gololi zikiwa na grisi kidogo mno. Nyumbani kwetu baiskeli yoyote mpya hupelekwa kwanza kwa fundi mzee wa Ngamiani, afungue habu, shingo na ekseli ya pedeli, atie grisi upya, ndipo ipandwe.

Tulichonunua hatimaye ni mtumba wa Kijapani wa kijivu, wenye ringi za aluminiamu, gia tatu za ndani ya habu na kava zima la cheni, kwa bei iliyotuachia nafasi ya tairi jipya la nyuma, tyubu mbili, waya mpya, vipande vya breki, taa ya betri ya nyuma na mnyororo wenye kufuli, kwa kuwa kufuli la duara lilifika bila ufunguo na fundi alilikata. Dainamo ya mbele bado inafanya kazi. Kikapu kina kutu, nasi hatukukigusa, maana mwizi naye ana macho. Mdogo wangu anaambiwa aifute baiskeli kwa kitambaa kikavu jioni anaporudi kutoka upande wa baharini, atie tone la mafuta kwenye cheni kila baada ya mvua, na mwishoni mwa mwezi wa kwanza airudishe kwa fundi spoku zikazwe tena na waya za breki zivutwe, kwa sababu waya mpya hulegea zinapoanza kutumika.